Asilimia ya Feni ya Kompyuta: Ni Asilimia ya Nini?

Tangu tulipoeleza katika safu hii namna ya kufuatilia joto la prosesa, wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wameendelea kuuliza kuhusu namba nyingine inayoonekana pembeni ya joto hilo kwenye kioo, yaani kasi ya feni. Programu moja huiandika kwa asilimia, nyingine kwa mizunguko kwa dakika, nyingine huandika vyote viwili bila maelezo. Kwa kuwa barua za Mafinga, Mbeya, Mbalizi, Njombe na Tunduma zinagusana, nimeona zijibiwe pamoja.

Swali: Programu moja inasema 60, nyingine inasema 870. Niamini ipi?

Ndugu mwandishi, ninaendesha steshenari hapa Mafinga, jirani na viwanda vya mbao, na vumbi la mbao ndilo adui mkubwa wa kompyuta zangu. Kompyuta ninayoitegemea kwa kuchapa ina programu mbili za ufuatiliaji. Ya kwanza huonyesha feni ya prosesa kwa asilimia, na wakati wa kazi nyingi husema 60. Ya pili ilikuwa ikisema 870. Mwezi uliopita fundi aliifungua, akapuliza vumbi kwa blowa, akasafisha beringi ya feni na kuitia tone la mafuta. Sasa ya pili inasema 1,110, lakini ya kwanza bado inasema 60. Je, ile ya kwanza imeharibika?

Jibu: Haijaharibika, ndugu yangu. Programu zako zote mbili zinasema kweli, ila kila moja inajibu swali lake. Ile ya asilimia inaeleza amri ambayo madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imeipa feni. Ile ya 870 na 1,110 inaeleza kile ambacho feni imefanya baada ya kupewa amri hiyo, kwa kuhesabu mizunguko kwa dakika. Fundi wako hakugusa amri, aligusa feni, na ndiyo maana namba moja tu ilibadilika.

Tuziangalie nyaya zenyewe. Feni ya kisasa ya prosesa huwa na nyaya nne: mmoja wa kurudishia umeme, mmoja wa kuleta volti 12, wa tatu unaotoka kwenye feni kwenda kwenye madabodi, na wa nne unaotoka kwenye madabodi kuja kwenye feni. Waya huo wa nne ndio wa amri. Hubeba ishara iitwayo PWM, ambayo huwashwa na kuzimwa takriban mara 25,000 kwa sekunde, kasi iliyowekwa katika maelekezo ya Intel na ambayo iko juu ya sauti zinazosikika kwa sikio la binadamu, hivyo mota ya feni haitoi mlio. Madabodi inaposema asilimia 60, maana yake ni kwamba katika kila kipindi kimoja cha kuwashwa na kuzimwa, ishara imewashwa kwa asilimia 60 ya muda na kuzimwa kwa asilimia 40 iliyobaki. Hakuna kitu chochote kwenye mapanga ya feni kilichopimwa ili kupata namba hiyo.

Waya wa tatu ndio wa taarifa. Feni nyingi za kompyuta hutuma kupitia waya huo mapigo mawili kila zinapomaliza mzunguko mmoja, na chipu ya madabodi huyahesabu. Feni yako inayozunguka mara 1,110 kwa dakika inatuma mapigo 37 kila sekunde, na hapo ndipo programu yako ya pili inapopata namba yake. Dereva wa lori anayepanda Kitonga akiwa na mzigo anaweza kukanyaga mafuta mpaka mwisho na bado gari likajikokota, na kila abiria aliye ndani anajua kwamba mahali ulipo mguu wa dereva si kasi ya gari. Asilimia ya PWM ni mguu wa dereva, mizunguko ni kasi ya gari.

Sasa fikiria ungekuwa na programu ya kwanza peke yake. Beringi yako ilikuwa imekauka na kujaa vumbi, feni ilikuwa imepoteza zaidi ya mizunguko 200 kwa dakika, na kioo kingeendelea kukuandikia 60 kwa utulivu mpaka siku ambayo feni ingesimama kabisa, kisha kingeendelea kukuandikia 60 hata baada ya hapo. Kwa sababu hiyo ninashikilia, bila kusita, kwamba programu ya ufuatiliaji inayoonyesha asilimia ya amri bila mizunguko haijamfuatilizia mtumiaji kitu. LibreHardwareMonitor, kwa mfano, hutenganisha mambo haya: feni ziko katika kundi lake kwa mizunguko, na vidhibiti viko katika kundi jingine kwa asilimia. Mpangilio huo ni sahihi, ingawa mtu asiyeelezwa anaweza kudhani ni kitu kilekile kimeandikwa mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa mtaani wanalijua lakini wenye kompyuta hawaelezwi. Feni ya zamani yenye nyaya tatu haina waya wa amri. Madabodi huiongoza kwa kupunguza volti, na hapo asilimia 60 huwa na maana nyingine kabisa, yaani takriban volti 7.2 kati ya 12. Ukiichomeka feni hiyo kwenye soketi iliyowekwa katika hali ya PWM, soketi itaipa volti 12 zote, amri itatumwa kwenye pini ambayo hakuna waya wa kuipokea, feni itazunguka kwa nguvu zake zote huku kioo kikiandika asilimia 40. Watu wengi wamelalamika kwamba programu inadanganya, kumbe tiba yake ni kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya madabodi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, na kubadili hali ya soketi hiyo kutoka PWM kwenda kwenye hali ya volti, ambayo kwa kawaida huandikwa DC.

Wala usitegemee kwamba asilimia 60 ya amri itakupa asilimia 60 kamili ya kasi ya juu. Kama feni yako ina kasi ya juu ya mizunguko 1,800, asilimia 60 ingekuwa 1,080, na 1,110 uliyoipata iko karibu sana na hapo. Lakini ukishusha amri hadi asilimia 20, feni nyingi hazitakupa 360. Zina kasi ya chini kabisa ambayo haziteremki zaidi ya hapo, na chini ya kiwango fulani amri inaweza kushuka bila mizunguko kubadilika, au feni ikazimika moja kwa moja, kutegemea ilivyotengenezwa.

Swali: Ninaandika programu yangu mwenyewe. Nigawanye kwa nini?

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta katika chuo kimoja jijini Mbeya. Ninaandika programu ndogo ya Linux itakayoonyesha feni za kompyuta za maabara yetu kwa asilimia, kwa sababu wenzangu hawajui kama mizunguko 900 ni mingi au ni michache, lakini asilimia 50 kila mtu anaielewa. Nimekuta faili iitwayo pwm1 yenye namba 153 na nyingine iitwayo fan1_input yenye namba 1074. Nigawanye ipi kwa nini? Na kwa nini kuna feni moja inayonipa asilimia 106?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Sababu yako ya kutaka asilimia ni nzuri. Feni ndogo ya milimita 40 katika seva inaweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika bila tatizo lolote, wakati feni pana ya milimita 140 ikifika 1,200 huenda imemaliza uwezo wake, kwa hiyo mizunguko pekee haimwambii mtazamaji kama feni imepumzika au imezidiwa. Asilimia humwambia, mradi programu iseme wazi ni asilimia ya kitu gani, na katika faili zako mbili kuna asilimia mbili zilizo tofauti.

Tuanze na pwm1 kwa kuwa ni rahisi. Hiyo ni amri, na Linux huiandika kuanzia 0 hadi 255 kwa sababu imehifadhiwa katika biti nane. Zidisha kwa 100 kisha gawanya kwa 255, na 153 yako itakuwa asilimia 60 kamili. Zingatia mpangilio huo wa kuzidisha kwanza: ukitumia namba kamili na ukaanza kwa kugawanya 153 kwa 255, utapata sifuri, na programu yako itasema feni zote zimezimwa.

Fan1_input ni taarifa, nayo ni mizunguko kwa dakika. Ili 1,074 igeuke kuwa asilimia, lazima ujue kasi ya juu ya feni hiyo, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Vifaa vingine hutoa faili ya fan1_max, lakini vingi havitoi. Lebo ya feni hutaja kasi ya juu, lakini watengenezaji huruhusu tofauti ambayo mara nyingi ni asilimia 10 juu au chini, kwa hiyo feni iliyoandikwa 1,800 inaweza kwa halali kabisa kuzunguka 1,640 au 1,910. Ile yako ya asilimia 106 bila shaka ni ya namna hiyo: 1,910 ukiigawanya kwa 1,800 ya lebo unapata 106 na kitu. Nakusihi usiikate ili iishie 100. Ukifanya hivyo utakuwa umemficha mtumiaji kwamba kipimo chako cha juu si sahihi, na siku beringi itakapoanza kuchoka, feni itashuka kutoka 1,910 hadi 1,800 huku kioo kikiendelea kuandika 100 kana kwamba hakuna kilichotokea.

Njia iliyo bora ni kupima wewe mwenyewe. Soma kwanza thamani iliyomo katika pwm1_enable na uihifadhi, kisha andika 1 humo ili uchukue uongozi wa feni, andika 255 katika pwm1, subiri mpaka mizunguko itulie, chukua vipimo kadhaa na uweke wastani wake kama kasi ya juu ya feni hiyo. Ukiwa hapo hapo, teremka hatua kwa hatua, asilimia 90, 80, 70 hadi 20, na uandike mizunguko ya kila hatua, ili uwe na jedwali la feni ikiwa safi. Jedwali hilo lina thamani kuliko asilimia yenyewe, kwa kuwa miezi sita baadaye programu yako itaweza kusema: kwa amri hii feni hii ilikuwa ikitoa 1,074, leo inatoa 850, isafishwe.

Ukimaliza, rudisha thamani ya awali ya pwm1_enable, na uiandike programu yako kwa namna ambayo thamani hiyo itarudishwa hata programu ikikatishwa katikati. Hili si jambo la hiari. Programu ikifa wakati feni iko katika uongozi wa mkono na amri iko asilimia 20, madabodi haitaipandisha feni kazi ikizidi, na prosesa itapata joto ikiwa na feni yenye afya inayotii amri ya mwisho iliyopewa. Pia usidhani kwamba pwm1 lazima iongoze fan1. Katika madabodi fulani pwm2 ndiyo inayoongoza feni ya kwanza, na chombo cha pwmconfig kinachokuja pamoja na lm-sensors, programu za Linux za kusoma vihisi, hupunguza kila amri kwa zamu na kutazama ni feni gani iliyoitika. Fanya hivyo hivyo, la sivyo asilimia ya feni moja itakaa pembeni ya mizunguko ya feni nyingine.

Kuhusu sifuri, tenganisha hali tatu ambazo zote zinaweza kuonekana kama 0: feni iliyosimama kwa amri, feni iliyosimama ingawa imeamriwa kuzunguka, na soketi isiyo na feni au yenye feni isiyo na waya wa taarifa. Ya kwanza ni kawaida, ya pili ni dharura, ya tatu iandikwe kwamba hakuna taarifa. Chipu za zamani zina hali ya nne, kwa sababu mapigo yakichelewa mno kihesabuji chake hujaa na feni inayozunguka polepole huripotiwa kuwa imesimama.

Desimali ziache. Mizunguko yenyewe huyumba kidogo kila sekunde, na kuandika asilimia 59.67 ni kudai usahihi ambao kihisi hakina. Kusoma faili mara moja kila sekunde mbili kunatosha, kwa kuwa draiva nyingi za vihisi hazitoi thamani mpya kwa haraka kuliko sekunde moja au mbili. Na kwenye kioo, ningependa kuona maneno mawili na namba zake kwenye mstari mmoja: amri asilimia 60, kasi 1,074. Nafasi ikiruhusu, ongeza asilimia ya kasi ya juu, lakini neno "amri" na neno "kasi" visiachwe, maana bila hayo wenzako hawatajua wanatazama nini.

Swali: Umeme ukishuka jioni, asilimia ya feni inashuka?

Hapa Mbalizi taa hufifia jioni, na nimeona mizunguko ya feni haibadiliki. Je, programu inasoma kweli?

Jibu: Inasoma kweli. Pawasaplai ya kompyuta hupokea umeme wa ukutani unaopanda na kushuka, lakini hutoa volti 12 ambazo kwa viwango vya pawasaplai viitwavyo ATX hazitakiwi kutoka nje ya asilimia 5, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Umeme ukishuka kupita uwezo wake, kompyuta itazimika kabla hujaiona feni ikipungua. Ukiona mizunguko ya feni zote inashuka kwa pamoja huku amri iko palepale, pawasaplai hiyo ipimwe.

Swali: Asubuhi feni inaandika asilimia 0

Ndugu mwandishi, mimi ni mama mwenye studio ndogo ya picha Njombe. Asubuhi za Juni na Julai, nikiwasha kompyuta, feni za kadi ya picha zinaonyesha asilimia 0 kwa muda mrefu. Nimeogopa, nikaizima. Nilifanya vema?

Jibu: Kuwa na hadhari si kosa, mama, lakini kwa baridi ya Njombe ya miezi hiyo jambo hilo ni la kawaida. Kadi nyingi za picha za miaka ya karibuni zimetengenezwa zisizungushe feni mpaka chipu ipate joto la kutosha, mara nyingi kati ya nyuzi 50 na 60, ili zisipige kelele na zisivute vumbi bure. Fungua kazi nzito, kwa mfano kutoa video, na utazame joto na feni kwa pamoja. Feni zikianza joto linapofika katika nyuzi hizo, kadi yako ni nzima. Joto likipita 70 na feni bado ziko 0, zima na umwite fundi.

Swali: Programu inasema asilimia 100 lakini feni haizunguki

Nina sehemu ya michezo ya kompyuta Tunduma. Mashine moja ilikuwa ikizimika katikati ya mchezo. Programu iliandika feni ya kadi ya picha iko asilimia 100. Tulipofungua, tukakuta waya umeingia kwenye mapanga na feni imekwama. Inawezekanaje?

Jibu: Inawezekana kwa sababu niliyompa ndugu wa Mafinga, ila kwenye kadi za picha imejificha zaidi, maana programu nyingi huonyesha asilimia pekee na watu huichukulia kuwa kipimo. Maelezo ya chombo cha nvidia-smi, kinachotumika kwa kadi za NVIDIA, yanalisema jambo hili waziwazi: asilimia ya feni ni kasi ambayo feni imekusudiwa kuzunguka, na iwapo feni imezuiwa isizunguke, namba hiyo haitalingana na hali halisi. Maelezo hayo hayo yanasema kwamba asilimia hiyo huhesabiwa kwa kiwango cha juu cha kelele kinachokubalika kwa bidhaa husika, na kwamba katika mazingira fulani inaweza kupita 100. Kwa hiyo hata pale feni inapozunguka vizuri, asilimia 100 ya kadi moja si lazima iwe ukomo wa uwezo wa mota yake.

Tazama kwanza kama kadi yako inatoa mizunguko kwa dakika, kwa kuwa nyingi zinatoa. Kwa zisizotoa, shahidi wako ni joto likisomwa pamoja na asilimia: amri imepanda hadi 100, kazi haijaongezeka, na joto linaendelea kupanda badala ya kutulia. Hali hiyo ikitokea mbele ya mteja, usingoje mchezo uishe. Na kila unapofungua mashine, funga nyaya zote kwa kamba za plastiki mbali na mapanga.

Swali: Je, asilimia 50 ya Dar es Salaam ni asilimia 50 ya Mbeya?

Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa sekondari. Shule yetu hapa Mbeya imepokea kompyuta zilizokuwa zikitumika Dar es Salaam, zikiwa na mipangilio ya feni iliyowekwa huko. Mwenzangu wa fizikia anasema hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo asilimia ileile haitapoza sawasawa. Mimi ninasema baridi yetu inatosha. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, nyote wawili, na ninafurahi kwamba mjadala huu umefika hadi kwenye chumba cha walimu. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo uzito wa hewa katika kila mita moja ya ujazo ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Feni husukuma ujazo, haisukumi uzito. Ikizunguka mara 1,000 kwa dakika itasukuma karibu ujazo uleule Mbeya na Dar es Salaam, lakini ujazo wa Mbeya una hewa kidogo zaidi ya kubeba joto. Isitoshe, mapanga yanayokata hewa nyepesi hupata kizuizi kidogo, kwa hiyo kwa amri ileile mizunguko inaweza hata kupanda kidogo. Amri haijabadilika, mizunguko imepanda, na upozaji umepungua: hakuna kati ya namba mbili za feni inayoweza kukuonyesha hilo.

Sasa weka baridi kwenye mizani. Tuchukue chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 26, na prosesa ambayo kwa kazi fulani hupanda nyuzi 40 juu ya joto la chumba, yaani 66. Lete kompyuta hiyo Mbeya katika chumba cha nyuzi 18, na tuchukue hali mbaya kuliko zote, kwamba upozaji umepungua kwa asilimia 15 kamili kama hewa ilivyopungua. Ongezeko litakuwa nyuzi 47 badala ya 40, na prosesa itafika 65. Mmetoka karibu sawa. Lakini hesabu hiyo inategemea chumba cha nyuzi 18. Mchana wa Oktoba na Novemba, miezi yetu ya joto, maabara yenye kompyuta nyingi na madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya vumbi inaweza kufikia nyuzi 28, wakati hewa haijaongezeka uzito hata kidogo. Prosesa ileile sasa itakuwa 75, nyuzi 9 juu ya ilivyokuwa Dar es Salaam. Bado ni salama, kwa kuwa prosesa nyingi za kompyuta za mezani huanza kujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100, lakini kompyuta iliyokuwa ikifika 85 huko pwani haitakuwa na nafasi hiyo.

Kwa hiyo ninashauri mpangilio wa feni uinuliwe kidogo kwa miezi hiyo, nanyi mjue gharama yake. Mizunguko ikipanda kutoka asilimia 50 hadi 60 ya kasi ya juu, hewa huongezeka kwa moja ya tano, umeme unaoliwa na feni huongezeka kwa karibu robo tatu kwa kuwa hufuata kasi katika kipeo cha tatu, na kelele huongezeka kwa takriban desibeli 4. Mwenzako wa fizikia anaweza kuligeuza hili kuwa somo zuri la darasani. Lipimeni mchana wa Oktoba, kompyuta zote zikiwa zinafanya kazi na mlango ukiwa umefungwa kama kawaida yenu: pandisheni amri kwa hatua za asilimia 5, subirini dakika kumi katika kila hatua, na kwa kila kompyuta muandike joto la chumba, joto la prosesa, mizunguko na asilimia ya amri. Hatua ambayo baada yake joto la prosesa halishuki tena hata nyuzi moja ndiyo ya kuachia mpangilio wenu.